Jinsi ya kupiga hesabu ya hewa ukaa ya nyumbani kwako na safari zako

Watu wengi wakisikia hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi inayopasha dunia) wanawaza moshi wa viwandani, kumbe mita yako ya umeme na tenki la gari vinatosha kukupa jibu lako mwenyewe, na hesabu yenyewe ni kuzidisha tu.

Anza na mafuta maana ndo rahisi. Lita 1 ya petroli inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, dizeli kama 2.7. Hapa watu huwa wanabisha, lita ya petroli yenyewe haifiki hata kilo moja, sasa hizo kilo 2 na zaidi zinatoka wapi? Zinatoka hewani. Kaboni ya kwenye mafuta ikiungua inashikana na oksijeni, kila gramu 12 za kaboni zinabeba gramu 32 za oksijeni, ndo maana kinachotoka kwenye ekzosi ni kizito kuliko ulichojaza.

Sasa chukua gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100, kazini ni kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, siku 20 kwa mwezi. Hapo ni kilomita 600, lita 48, zidisha kwa 2.3 unapata kama kilo 110. Mkipanda wanne gari lile lile inakuwa kama kilo 28 kila mtu, na hamjanunua kifaa chochote, mmepeana lifti tu. Ndo maana basi lililojaa linashinda gari la mtu mmoja hata kama linatoa moshi mweusi (ule weusi ni masizi, unaumiza sana mapafu, ila hewa ukaa yenyewe haionekani kwa macho).

Ndege kwa kila kilomita haipishani sana na kuendesha gari peke yako, shida ni umbali, safari moja ndefu inaweza kumeza hewa ukaa yote uliyopunguza mwaka mzima.

Kwenye umeme ulizia kwanza wa kwenu unazalishwa na nini. Yuniti 1 (kilowati-saa 1) ya umeme wa makaa ya mawe ni karibu kilo 1 ya hewa ukaa, gesi asilia kama nusu yake, ila maji, upepo, jua na jotoardhi ni kidogo mno. Halafu angalia vitu vinavyopasha joto au kupoza, hivyo ndo vinakula. Hita ya kuogea ya kilowati 5 kwa dakika 10 inatumia umeme ambao ungechaji simu zaidi ya mara 30, kwahiyo kuhangaika na chaja huku maji ya moto yanamwagika nusu saa ni kupoteza nguvu bure.

Gesi ya mtungi, kilo 1 ni kama kilo 3 za hewa ukaa. Mkaa una mzigo wa ziada maana kuni nyingi zimeshateketea kwenye tanuri kabla gunia halijakufikia. Na chakula kilichotupwa kikiozea dampo kinatoa methani, ambayo inapasha dunia kuliko hewa ukaa.

Leo usiku andika yuniti zinazosomeka kwenye mita (kama ni ya kulipia kabla, andika yuniti zilizobaki na zile utakazoongeza), wiki ijayo muda ule ule andika tena, toa upate yuniti ulizotumia, zidisha kwa kilo za kila yuniti ya umeme wa kwenu, gawanya kwa idadi ya watu wa nyumbani.