Ukiwa Iringa, anza na Isimila asubuhi

Jamani ukipita Iringa usikimbilie hifadhi ya Ruaha moja kwa moja, mji wenyewe una vitu. Amka mapema uanze na Isimila, pale penye zana za mawe za watu wa kale, ni kama kilomita 20 njia ya Mbeya, ukichelewa lile korongo lenye nguzo za udongo linawaka jua balaa, na vaa raba maana chini ni mchanga mtupu. Zile shoka za mawe ziangalie kwa karibu, utaona kabisa zilivyochongwa makali pande mbili. Mchana nenda makumbusho ya Kalenga ukaone fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, mi nilisimama pale nikakosa la kusema. Jioni panda jiwe la Gangilonga, mji wote unauona. Beba keshi, tena noti ndogondogo.