Taa na Vitufe vya Printa za Epson zenye Matangi ya Wino

Printa kama Epson L3110 na L3150, ambazo hutumika sana kwenye maduka ya steshenari, hazina kioo cha kuandika ujumbe. Zinasema kwa taa tu, na nyingi zinazopelekwa kwa fundi zilikuwa zinalalamika jambo dogo ambalo hakuna aliyelisoma.

Kitufe cha kuwasha ndicho pia cha kuzimia. Ukikibonyeza taa yake hupepesa kwa muda. Wakati huo kichwa cha kuchapia kinarudi upande wa kulia na kukaa kwenye kifuniko cha mpira kinachozuia wino usikauke. Ngoja taa izime kabisa ndipo uguse swichi ya ukutani. Ukizima ukutani moja kwa moja, kichwa kinaweza kubaki wazi, wino ukauke kwenye matundu yake, na baada ya siku chache maandishi yatoke na mistari myeupe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi washa printa, kisha izime kwa kitufe chake.

Vitufe viwili vya kopi, cha nyeusi na cha rangi, hutoa nakala ya A4. Ukitaka nakala 5 bonyeza mara 5 haraka haraka, bila kupitisha sekunde moja kati ya mbonyezo na mbonyezo. Kikomo ni 20.

Kitufe cha kusimamisha kina kazi ambazo wengi hawazijui. Zima printa, kishike, kisha uiwashe ukiwa bado umekishika. Achia taa ya umeme inapoanza kupepesa. Itatoka karatasi ya majaribio yenye vimistari vya rangi nne. Vikiwa vizima vyote, kichwa kiko sawa, basi tatizo litafute kwingine. Vikikatika-katika, shika kitufe hicho hicho sekunde 5 hadi taa ya umeme ipepese: printa inajisafisha. Rudia jaribio. Ukisafisha mara 3 bila nafuu, izime uiache angalau saa 12, ndipo ujaribu tena. Kusafisha kila asubuhi kwa mazoea ni hasara: wino hutumika bure na kumwagwa kwenye sponji iliyo ndani ya printa, na sponji ina mwisho wake.

Taa ya karatasi ikiwaka bila kupepesa, karatasi zimeisha au zimeingia mbili pamoja. Zitoe, zipepee zisigandane, zirudishe, bonyeza kitufe cha kopi. Ikipepesa, karatasi imekwama. Inua sehemu ya skana, vuta karatasi kwa mikono miwili polepole, kisha utafute vipande vilivyochanika. Hata kimoja kidogo kama ukucha huirudisha taa ile ile. Waya mweupe bapa na mirija ya wino usiviguse.

Taa ya wino ndiyo inayodanganya watu. Printa hizi hazipimi wino uliobaki kwenye tangi, kwa hiyo usingoje taa ikuambie umeisha. Tazama tangi kwa macho na ujaze kabla wino haujashuka chini ya mstari wa chini, la sivyo hewa itaingia kwenye mirija.

Taa ya wino na ya karatasi zikipokezana kupepesa, sponji ya wino taka imejaa au inakaribia kujaa. Hapo fundi anahitajika kweli. Zikipepesa pamoja, fungua uangalie kama kuna kitu kimezuia kichwa, kisha zima na uwashe tena.

Mwenye L210 au L355 aangalie pia ubavuni, kwenye swichi ndogo ya kufungia wino wakati wa kusafirisha. Printa ikihamishwa na swichi ikasahaulika upande wa usafiri, kurasa za kwanza hutoka vizuri, zinazofuata hufifia, mwisho karatasi nyeupe. Igeuze upande wa kuchapa kabla hujaanza kusafisha chochote.