Somo: Kujaza kihenge cha ushirika bila kuozesha mahindi ya wenzenu

Swali la namna ya kujaza kihenge, yaani ghala la bati la kuhifadhia nafaka, nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nazungumzia mahindi yanayomwagwa kihengeni bila magunia. Nafaka nyingine njia ni ileile, viwango ndivyo vinavyotofautiana.

1. Fagia kote, hadi chini ya sakafu yenye matundu. Punje zilizosalia msimu uliopita ndiyo nyumba ya fukusi.

2. Ingia mchana kihenge kikiwa kitupu, mwenzako asimame nje na kuurudishia mlango. Unapoona mwanga ndipo maji yatakapopita. Ziba.

3. Pima unyevu. Hapa ndipo nilipoharibu, nisomeni taratibu.

Kikomo chetu ni asilimia 13.5. Msimu wa pili tangu tujenge, foleni ya magari ilikuwa ndefu na jua linazama. Gari moja likasoma 11, lililofuata 16. Nikapiga wastani kichwani, nikapata 13.5 kamili, nikasema mwaga, yatachanganyikana humo ndani. Hayachanganyikani. Mahindi hulala pale yalipoangukia, na yale mabichi yakakaa kama tumbo lenye homa katikati ya wazima. Wiki ya sita nilichomeka fimbo ya chuma kupitia mlango wa juu, nikaiacha robo saa. Nilipoivuta, ncha yake ilikuwa na joto kama paji la mgonjwa, na inanuka uchachu. Tukafungua kitoleo, yaani tundu la chini la kutolea mahindi, yakatoka kidogo, yakakata. Juu kulikuwa na gamba gumu, chini yake pengo.

Kijana mmoja alishachukua koleo akapande kulivunja. Nilimdaka mguu akiwa ngazini. ONYO: gamba lile ni daraja juu ya shimo. Na hata pasipo gamba, mahindi yanayotiririka humzamisha mtu mzima kwa sekunde chache. Yakishakufika magotini hujitoi mwenyewe. Mashine zikiwa zinatoa, hakuna mtu ndani, hata kwa dakika moja. Tulilibomoa kwa mti mrefu kutoka nje, siku mbili. Mahindi ya katikati tuliyatupa yote, maana sumukuvu ikishaingia haitoki kwa kuanika. Hasara ile haikumwangukia mwenye gari la 16 peke yake. Ukishamwaga, hakuna tena mahindi ya fulani.

Kwa hiyo bambo, chuma cha kuchotea sampuli, lizame kwenye magunia mbalimbali na kina mbalimbali, si mdomoni mwa gunia ambapo kila mtu ameweka makavu. Mahindi yaliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya kukaushia yaache yapoe kwanza, kipimo kitakudanganya. Kila gari lihukumiwe peke yake. Lililozidi lirudi kuanikwa, hata kama ni la mwenyekiti.

4. Chekecha kabla ya kupandisha.

5. Ukishajaza, toa kiasi kwa kitoleo cha kati. Punje nzima hubingirika kwenda pembeni, chenga na vumbi hubaki katikati na kusimama kama nguzo isiyopitisha hewa. Toa mpaka kilele kigeuke kishimo, chekecha, rudisha.

6. Feni iwashwe hewa ya nje ikiwa baridi kuliko mahindi, na si wakati wa mvua. Feni hii inapoza, haikaushi.

7. Kila wiki pima joto na unuse. Likipanda sehemu moja huku kwingine limetulia, usingoje wiki ijayo.

8. Kufukiza ni kazi ya mwenye leseni. Fosfini, gesi ya kufukizia, inaua fukusi, na wewe pia. Kihenge kinachovuja hakifukizwi.

9. Kutoa ni kwa kitoleo cha kati kwanza. Daima.

MASWALI

Mkulima_Halisi: Mkuu, yangu yana 17. Nikiyaweka feni si itakausha?

Mwandishi: Hatua ya 3 na ya 6.

Mkulima_Halisi: Nimesoma ila sijaona jibu.

Mwandishi: Hapana. Ndilo jibu.

Mama_Karani: Kaka, mimi naandika stakabadhi. Mtu akileta kilo 1,000 zenye 18, tukakausha hadi 13.5, namkata kilo 45?

Mwandishi: Swali zuri sana dada, hapa ndipo vyama vingi hugombana. Si 45. Hesabu mahindi makavu matupu: kilo 820. Hizo lazima ziwe asilimia 86.5 ya mzigo mpya, kwa hiyo gawa 820 kwa 0.865, unapata 948. Unamkata 52. Ukikata 45, kilo 7 zinazokosekana watazilipa wanachama wote na wewe karani utaitwa mwizi. Bandika hesabu hiyo ukutani karibu na mizani. Kule Kanada mwaka 1906 wakulima wa ngano walianzisha kampuni yao ya Grain Growers' Grain Company, na moja ya manung'uniko yao ilikuwa jinsi wenye maghala walivyopima uzito na kupanga madaraja.

Fundi_Bati: Kwa nini kitoleo cha kati kwanza? Cha pembeni kiko karibu na barabara.

Mwandishi: Fundi, nafaka si maji. Mjerumani Janssen alionyesha mwaka 1895 kwamba sehemu kubwa ya uzito hubebwa na ukuta kwa msuguano. Ukitoa upande mmoja, msukumo unakuwa mdogo huku na mkubwa kule, na bati jembamba hujikunja. Nimeona kimoja kimebonyea kama kopo lililokanyagwa.

Fundi_Bati: Aisee. Basi tulikuwa tunacheza na kifo.

Jembe_Butu: Vipimo vya nini? Sisi tunang'ata punje miaka yote.

Mwandishi: Kwa gunia lako nyumbani, ng'ata. Kwenye kihenge cha watu mia, meno yako hayasaini stakabadhi.

Mama_Karani: Na kijijini kusikokuwa na kipimo, wajuaje kabla ya kulipia gari?

Mwandishi: Chupa kavu ya kioo, mahindi hadi robo, chumvi kavu kiganja kimoja. Funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita 15, waanike tena. Isipoganda usishangilie, yanaweza kuwa na 14.5. Ni ya kuwazuia wasije bure, kwenye mizani bado utapima.

Fundi_Bati: Chumvi ya mawe inafaa?

Mwandishi: Laini, na uianike juani kwanza.