Namna ya kumwagiza ndugu mwenye skizofrenia

Skizofrenia, ugonjwa wa akili, mara nyingi hudhoofisha uwezo wa kushikilia maneno kichwani. Mwanzo wa sentensi ndefu hupotea kabla hujaimaliza. Kwa hiyo “nenda Mbuyuni kalete ndizi, upitie dawa, uwahi kabla ya mvua” ni mzigo mkubwa mno. Zima redio kwanza, maana huenda anasikia na sauti nyingine ambazo wewe huzisikii. Mwite jina, mpe jambo moja: “Kaka, chukua sufuria.” Akishaishika: “Tia maji.” Subiri sekunde kama 10. Ukirudia, tumia maneno yaleyale. Ukiyabadilisha anaanza upya. Acha mafumbo, anaweza kuyachukua neno kwa neno. “Umeelewa?” haisaidii, huenda akajibu ndiyo tu. Mwambie akueleze atakachofanya. Uelewa ukishuka ghafla, mpeleke kliniki na dawa zake zote.