Kuzidisha na Kushindilia DNA Ndani ya Vitone: Mwongozo kwa Maabara Ndogo ya Tabora

Anayetaka kujua ni jeni ipi kati ya maelfu inayotengeneza protini bora hukutana na vikwazo viwili. Nakala moja ya DNA haitoshi kutoa protini ya kuonekana, na nakala nyingi zikichanganywa katika kichupa kimoja haijulikani tena ni ipi iliyofanya kazi. Njia ya vitone huviondoa vyote viwili: kila nakala hufungiwa ndani ya kitone chake cha maji kilichozungukwa na mafuta, huzidishwa humo humo, kisha nakala zake hushindiliwa kuwa chembe moja inayoweza kuhamishiwa kwenye kitone kingine bila kutawanyika.

Anza na hesabu, kwa kuwa kosa la hapa halirekebishiki mbele ya safari. Kitone chenye kipenyo cha mikromita 20 hubeba takribani pikolita 4 (mikrolita moja ina pikolita milioni moja). Lenga wastani wa nakala moja kwa kila vitone kumi; hapo takribani vitone 90 katika 100 vitakuwa vitupu, 9 vitakuwa na nakala moja, na chini ya kimoja kitakuwa na mbili au zaidi. Usivisikitikie vile vitupu, maana hiyo ndiyo gharama ya kuwa na uhakika kwamba kila chembe imetokana na mzazi mmoja. Ili kufikia wastani huo unahitaji nakala 24,000 hivi kwa kila mikrolita ya mchanganyiko, ilhali plazimidi (DNA ya duara inayobeba jeni) ya jozi za besi 3,000 katika ukolezi wa nanogramu 10 kwa mikrolita ina nakala zipatazo bilioni 3. Kwa hiyo izimue takribani mara 130,000 kwa hatua tatu, ukibadilisha ncha ya pipeti kila hatua.

Mchanganyiko wenyewe una bafa (myeyusho unaotuliza kiwango cha asidi) yenye magnesiamu, nyukliotidi nne ambazo ndizo matofali ya DNA, vianzishi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) vya nasibu vilivyokingwa mwishoni visitafunwe, na kimeng'enya cha phi29, kilichotokana na kirusi kinachoshambulia bakteria. Kimeng'enya hiki huizunguka DNA ya duara tena na tena huku kikiusukuma kando uzi uliotangulia, na hufanya kazi katika nyuzi 30 tu bila kupandisha na kushusha joto. Hiyo ni neema umeme unapokatika, kwa sababu chupa ya chai yenye mdomo mpana na maji ya nyuzi 30 hutunza joto hilo kwa muda mrefu, mradi ulipime mara kwa mara. Lakini neema hiyo hiyo ni hatari mchana wa Oktoba, joto la Tabora linapopita nyuzi 30: mmenyuko utaanzia ndani ya bomba la sindano kabla vitone havijaundwa. Weka kila kitu kwenye barafu, na bomba lenyewe lizungushie vifuko vya barafu mpaka kazi iishe.

Vitone huundwa kwenye chipu ya silikoni (kibao cha mpira chenye mifereji myembamba), pale mkondo wa maji unapobanwa na mikondo miwili ya mafuta yenye florini na safaktanti, yaani kemikali inayozuia vitone visiungane. Kuta za mifereji lazima ziyakatae maji; dawa ya kufukuzia maji kwenye vioo vya magari huifanya kazi hiyo vizuri. Anza na mikrolita 100 za maji na 300 za mafuta kwa saa, upate zaidi ya vitone 6,000 kwa sekunde, kisha rekebisha ukitazama kwa hadubini. Vumbi la kiangazi ndilo adui mkubwa hapa, kwani punje moja huziba mfereji. Chuja maji, bafa na mafuta kwa kichujio cha mikromita 0.22 kabla ya kuongeza kimeng'enya, na usifungue matundu ya chipu mpaka mirija iwe tayari.

Vikusanye vitone chini ya mafuta ya madini visikauke. Vitaelea juu ya mafuta yenye florini kama maziwa. Viache usiku kucha katika nyuzi 30, kisha kizime kimeng'enya kwa dakika 10 katika nyuzi 65.

Kushindilia hakudai hatua ya ziada. Kila nyukliotidi inapounganishwa huachia pairofosfati (fosfati mbili zilizoungana), nayo hushikana na magnesiamu na kuwa fuwele, ambazo DNA hujikunja pamoja nazo. Kwa sababu hiyo usiongeze pairofosfatesi, kimeng'enya kinachovunja pairofosfati, ingawa maelekezo mengi ya kawaida huishauri, na usisafishe chembe kwa bafa yenye EDTA, kwani itainyang'anya fuwele magnesiamu na chembe itayeyuka.

Kabla ya kuvunja vitone, chukua sampuli yenye rangi ya kung'arisha DNA. Kitone kilichofanikiwa huonyesha nukta moja kali katikati ya maji meusi. Kikiwa na mwanga uliotapakaa, DNA imezidishwa ila haijashindiliwa, na cha kuchunguza kwanza ni magnesiamu. Nukta zikionekana katika vitone vingi kuliko 10 kwa 100, ama uzimuaji ulikosewa au kuna DNA ngeni iliyoingia. Ukiridhika, vunja vitone kwa pafluorooktanoli, zungusha taratibu kwenye sentrifuji, chukua tabaka la maji lililo juu ya mafuta yenye florini na chini ya mafuta ya madini, zisafishe chembe kwa bafa yenye magnesiamu, kisha uzifungie upya, tena kwa wastani wa moja kwa vitone kumi, pamoja na mchanganyiko wa kutengeneza protini nje ya seli.