Kifundo cha mkono kikiuma ukipiga gitaa, kagua gitaa kwanza

Anayejifunza akilalamika mkono wa kushoto, huambiwa avumilie, atazoea. Ncha za vidole ndizo zinazozoea; baada ya wiki chache ngozi inakomaa. Kifundo hakizoei. Kano zinazokunja vidole zinapita pale kwenye njia nyembamba, zikibanana na neva ya upande wa kidole gumba. Ukikunja kifundo huku unakaba shingo ya gitaa kwa nguvu, vyote hivyo vinasagana. Na mara nyingi kinachokulazimisha kukaba ni gitaa lenyewe.

Jaribu hivi. Piga kodi (nyuzi kadhaa zinazolia pamoja) ya F ya bare, yaani kidole cha kwanza kimelazwa juu ya nyuzi zote, kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo), kisha hamisha umbo lile lile hadi freti ya 5, inakuwa A. Kama A inatoka bila shida na F inakutoa jasho, tatizo liko kwenye kile kijiti cha juu ambacho nyuzi hupitia kwenda kwenye vikazio. Bonyeza uzi freti ya 3, uangalie nafasi iliyobaki juu ya freti ya 1: iwe ya unene wa karatasi tu. Ikizidi sana, fundi ashushe mfereji wa uzi kwenye kijiti hicho kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo. Akipitiliza, uzi ukiachwa wazi utavuma, na kijiti kitabidi kibadilishwe.

Kisha nenda freti ya 12. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, kadi tatu zilizopangwa juu ya freti hiyo zikigusa uzi mnene, uko vizuri. Zikipita nne na bado kuna nafasi, nyuzi ziko juu mno. (La nailoni huwa juu zaidi, usilipime kwa kipimo hiki.) Legeza nyuzi, toa kipande cheupe kilicho kwenye daraja (kibao kinachoshika nyuzi juu ya mwili wa gitaa), piga mstari wa penseli chini yake, sugua kwa msasa uliolazwa kwenye kioo au tailizi. Ukitaka uzi ushuke nusu milimita pale freti ya 12, sugua milimita moja. Kama daraja limeanza kubanduka, usisugue chochote. Hilo ni la kugundishwa upya.

Tabora kuna jambo jingine. Mbao hunyonya unyevu msimu wa mvua, uso wa gitaa unavimba na nyuzi zinapanda. Gitaa lililokuwa jepesi mwezi wa tisa linaweza kuwa gumu mwezi wa kwanza, nawe ukadhani mkono umeharibika. Pima upya kila msimu, na usilitundike karibu na bati. Nyuzi nazo zina unene: pakiti inayoanza na 12 (namba ya uzi mwembamba kuliko zote) badilisha kwa inayoanza na 10.

Sasa mwili. Usipigie kitandani; godoro linadidimia, shingo ya gitaa inashuka na kifundo kinapinda. Kaa kwenye kiti kigumu, weka tofali la kuchoma chini ya mguu unaobeba gitaa, kichwa cha gitaa kifike usawa wa bega. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, mkabala na cha kati. Kitoe kabisa huku umeshika kodi: mkono ukivutwa nyuma kwa uzito wake tu, sauti bado inatakiwa itoke. Kwenye ile F, kidole cha kwanza kina kazi ya nyuzi tatu tu, ya 1, ya 2 na ya 6. Zilizobaki zimeshikwa na wenzake. Kigeuze kidogo upande wa mfupa, bonyeza karibu kabisa na freti.

Wapiga ridhimu wa dansi huumia zaidi mkono wa kulia, maana mchoro mmoja unaweza kurudiwa dakika kumi. Piki ishikwe kwa ulegevu kiasi kwamba mtu anaweza kuichomoa. Mwendo utoke kwenye kiwiko na kifundo kwa pamoja.

Piga dakika 20, pumzika 5. Siku uliyoshinda na jembe au kufunga tumbaku, jioni acha bare. Maumivu makali yakija, acha siku hiyo hiyo: barafu ndani ya kitambaa dakika 10 hadi 15, pumzika siku mbili tatu, kisha rudi kwa dakika 10 za kodi wazi, zisizo na bare. Kifundo kilichovimba kisivutwe wala kuchuliwa. Kuna wanaopona uvimbe kwa wiki moja na kuuguza kuchuliwa kwa mwezi.

Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati inayokuamsha usiku, kikombe kinachoponyoka, au maumivu yaliyopita wiki mbili ni ya hospitali: Kitete kwa wa Tabora, Maweni kwa wa Kigoma. Mwambie daktari unapiga gitaa, mkono gani, saa ngapi kwa siku, na uulizie fiziotherapia.