Kukusanya majarida mazuri ukiwa Kisumu: kutoka meza ya vitabu kuukuu hadi rafuni

Jarida lililotengenezwa kwa ustadi hujitambulisha kabla hujasoma neno. Ukilishika lina uzito wake, na rangi ya ngozi ya mtu pichani ni ya ngozi kweli, si ya tofali. Majarida ya mavazi, mapishi, malezi na mapambo ya nyumba ndiyo hutupwa mapema kuliko mengine, na ndiyo yanayotunza jinsi watu walivyokula, walivyovaa na walivyopanga sebule zao. Mwongozo huu ni wa anayeishi Kisumu au mji mwingine karibu na ziwa, ambako unyevu ndio adui wa kwanza.

Hatua ya 1: Chagua mkondo mmoja

Ukinunua kila kinachopendeza, baada ya miezi sita utakuwa na rundo tu. Shika jina moja, kipindi kimoja au mada moja. Kwa Kenya, Parents, lililoanzishwa na Eunice Mathu mwaka 1986, ni pazuri pa kuanzia. Joe, la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilitoka kati ya 1973 na 1979. Hilo ni windo gumu, na ukilipata usiliache kwa sababu tu jalada limechanika. Drum lilizaliwa Afrika Kusini mwaka 1951 na likaja kusomwa hadi huku kwetu. Ukipata nafasi, nunua pia toleo moja la Apartamento, linalotoka Barcelona tangu 2008, uliweke kama kipimo chako cha picha za nyumba za watu jinsi zilivyo.

Hatua ya 2: Fika kabla karatasi haijafungiwa nyama

Nenda soko la Kibuye Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, uulize kila mwenye vitabu kuukuu kama ana majarida chini ya meza. Zungumza pia na wanaonunua karatasi kuukuu kwa kilo: wape bei nzuri kidogo kuliko ya kilo, na watakuwekea. Saluni na vyumba vya kungojea vya kliniki vina hazina. "Mama, haya mkimaliza msiyatupe, nitakuja kuyachukua," kisha rudi siku uliyosema. Beba vipande viwili vya kadibodi ngumu vinavyozidi ukubwa wa A4. Jarida likae katikati, lisikunjike kwenye bodaboda.

Hatua ya 3: Likague dakika tatu kabla ya kutoa pesa

Anza na mgongo. Majarida membamba hushikwa kwa pini mbili katikati. Manene hubandikwa kwa gundi.

La pini, lifungue katikati kabisa. Kutu ikionekana, angalia kama imeanza kula karatasi inayozunguka tundu, kwa maana hapo ndipo karatasi ya katikati itakapochomoka. Kisha hesabu kurasa, pamoja na za jalada. Kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa nne, kwa hivyo jumla lazima igawanyike kwa nne. Ukipata 62, ujue jani moja limeng'olewa, na pacha wake upande wa pili hana kinachomshikilia. Mara nyingi kilichokwenda ni ukurasa wa mapishi au mchoro wa kushona gauni.

La gundi, lifungue polepole kwa pembe ndogo. Ukisikia mlio kama wa kijiti kikavu, gundi imekauka na mgongo utapasuka. Usilikunje kinyumenyume kulijaribu.

Sasa karatasi. Ile ya kung'aa mara nyingi imepakwa udongo mweupe wa kaolini. Ikilowa halafu ikakauka ikiwa imebanana, kurasa hushikana kama tofali, na ukizibandua picha hutoka nazo. Pitisha kidole gumba kwenye kingo zote: sehemu isiyoachia imeshapotea. Nusa pia. Harufu ya ukungu haimalizwi na jua, na jua lenyewe litafifisha rangi.

Mwisho ni uchapaji, na hapa ndipo penye raha. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, au kamera ya simu, utazame kope za mtu aliye jaladani. Utaona nukta za rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Mchapaji hodari huzipanga zikakutana, kope ikawa mstari mmoja mweusi. Rangi moja ikihama hata kidogo, kila kope hupata kivuli chekundu au cha buluu pembeni, na uso mzima huonekana kama umetikisika. Ukishajifunza kuona hili, hutapita tena meza ya majarida bila kusimama.

Kama huoni tarehe, tafuta ukurasa wenye majina ya wahariri na wachapaji. Kwenye matoleo ya karibuni, msimbo wa mistari huanza na 977, na tarakimu mbili ndogo za pembeni kwa kawaida huonyesha toleo.

Hatua ya 4: Litenge wiki mbili

Jarida jipya lisikae na mengine. Lifute vumbi kwa brashi laini, kutoka mgongoni kwenda nje. Ukiona vinyesi vya mende au vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi, lifunge kwa nailoni ya kufunikia chakula mara mbili, toa hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kisanduku cha barafu ndani ya friji ndogo huenda kisifikie baridi hiyo. Ukilitoa, liache ndani ya nailoni saa 24. Wengi huharibu hapa: wakifungua mara moja, mvuke wa hewa hujikusanya juu ya jalada kama jasho la chupa ya soda, na karatasi ya kung'aa hushikana.

Hatua ya 5: Pigana na unyevu

Nunua kipimo cha unyevu wa hewa. Kikipita asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huanza. Rafu iwe ukuta wa ndani, sentimita 10 kutoka sakafuni na 5 kutoka ukutani ili hewa ipite. Dari iliyo chini ya mabati usiifikirie kabisa. Huko Nakuru, ambako ni juu na pakavu zaidi, vumbi ndilo litakalokusumbua.

Majarida ya pini yalaze, rundo lisizidi sentimita 20. Ya gundi yasimamishe yakiegemeana, la sivyo mgongo hupinda. Mifuko iwe ya polipropilini au poliesta. Plastiki inayonuka kama koti jipya la mvua usiitumie, huvuta wino. Selotepu vilevile: gundi yake hugeuka kahawia na kupenya karatasi. Pini yenye kutu inyooshe kwa kisu butu, itoe, ushone kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale.

Jioni wadudu wa ziwani wanapovuma, funga dirisha kabla ya kuwasha taa. Mmoja akibanwa kati ya kurasa huacha doa lisilotoka.

Hatua ya 6: Andika, soma, badilishana

Daftari moja latosha: jina, toleo, tarehe, ulikolipata, bei, kasoro. Kwenye jarida lenyewe tumia penseli tu, kona ya ndani ya jalada la nyuma. Unaposoma, nawa mikono na uikaushe. Glavu hazihitajiki, zinapunguza hisia za vidole na kurasa huchanika.

Ukipata nakala mbili za toleo moja, usikimbilie yenye jalada safi. Baki na ile yenye matangazo yote. Tangazo la sabuni lenye bei yake, au la redio iliyowekwa juu ya kitambaa cha kufuma, huwezi kulipata kwenye makala yoyote. Ile nyingine ndiyo ya kubadilishana.